Siku Walipopigia Kiwanda Kura

Phineas Wepukhulu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa Eldoret aliuweza. Hakuwa anapita karibu na mlango bila kuufungua na kuufunga tena, sikio limetegwa. Mlango wa kanisa, mlango wa duka, hata mlango wa choo cha sokoni, yote aliipima. Mlango ukilia "tu!" alitingisha kichwa kama mtu ameonja mchuzi umeiva. Ukilia "kwaa" alimwangalia mwenye nyumba kwa huruma, utadhani amegundua mtoto wake ana kifaduro.

Watu walimsamehe kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kulikuwa na kiwanda cha malori nyuma ya reli, mali ya mzungu mmoja mrefu ambaye wafanyakazi walimbandika jina Bwana Chuma. Injini na chesisi zilikuja na gari moshi zikiwa kwa masanduku, zikaingia upande huu. Upande ule mwingine lilitoka lori zima la kijani, linanuka rangi mpaka mbwa wanapiga chafya. Katikati hapo kila mtu alikuwa na kitu chake. Huyu alikaza bolti, yule alipaka rangi, na Wepukhulu aliweka milango. Alitoka kwao Kimilili akiwa kijana wa kushika fagio, mkoloni bado yuko. Akafagia, akashika spana, na uhuru ulipofika ulimkuta ni fundi kamili, anafunga mlango wa kila lori kwa mkono wake kabla halijaruhusiwa kutoka getini.

"Lori bila mlango ni mkokoteni," alikuwa anapenda kusema, na akisema hivyo alijishika mkanda wa suruali.

Mke wake aliitwa Nasike, lakini wote walimwita Mama Nelima, kwa jina la binti yao wa kwanza. Walikaa kwa nyumba za kiwanda, zile za chumba kimoja kimoja, zimepangwa kama mabehewa. Nasike alimpenda bwana yake na hakuwa na shida na malori. Shida yake ilikuwa udongo. Alitaka mahali ambapo akipanda mboga hakuna mtu atamwambia ang'oe.

Na hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya watu kununua udongo. Masetla walikuwa wanaondoka, leo huyu, kesho yule. Watu walikuwa wanaungana, kila mmoja anatoa hisa, wananunua shamba zima la mzungu, halafu wanalivutia kamba kulikata ploti. Namba zinaandikwa kwa karatasi, karatasi zinatiwa kwa kofia, na kila mtu anachota bahati yake. Ukichota namba yako, kila kitu kiko juu ya hiyo ploti ni chako. Kama ni mti, ni wako. Kama ni kichuguu, pia ni chako, wewe na mchwa wako.

Wanyoike, mnyapara wa wapaka rangi, aliyekuja kutoka Murang'a, alikuwa na ploti yake huko Soy. Kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda kuangalia vigingi, na Jumatatu alikuja kazini na matope kwa viatu ambayo alikataa kupangusa.

"Umeota mizizi?" Wepukhulu alimuuliza.

"Ndugu yangu, nunua shamba. Mzungu ni mgeni, na mgeni hulala siku mbili."

"Shamba langu ni hili." Wepukhulu aligonga mlango wa lori kwa kidole. "Halina magugu. Halingojei mvua. Wewe endelea kuchimba, utafika mpaka ukute babu ya fuko akuulize unataka nini."

Watu walicheka. Wanyoike hakucheka, lakini aliweka hayo maneno mahali, kama mtu anaweka mbegu.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Kila setla aliyefunga virago, lori lake lilipita mbele ya kiwanda likienda reli na mizigo, na wanaume walitoka getini kuliangalia. Wengine walipiga makofi. "Aende, aende! Shamba liko wazi!" Hata Wepukhulu alipiga, kwa sababu makofi ni makofi. Hakuna mtu hata mmoja, kwa akili zote zilizokuwa pale, alijiuliza: haya malori tunaunda, nani hununua? Walikuwa wanapiga makofi, na shavu lilikuwa lao.

Jumatatu moja honi haikulia.

Honi ya kiwanda ndiyo ilikuwa jogoo wa upande ule wote wa mji. Wanawake walibandika chai kwa honi, watoto walienda shule kwa honi, na mbwa walikuwa na wimbo wao wa kuijibu. Asubuhi hiyo mbwa walisimama, wakangoja, wakaangaliana.

"Honi imelala leo?" Nasike aliuliza.

"Haiwezi kulala," Wepukhulu alisema, na akavaa ovaroli mbio mbio bila kunywa chai, maanake kama honi haijalia, hata yeye hakujua kama amechelewa ama bado.

Alikuta wenzake wote wamesimama nje ya geti. Geti limefungwa kwa nyororo mpya na kufuli jipya, na kwa ndani, ameshika vyuma kama nyani, yuko Joash askari.

"Joash, fungua!" Wanyoike aliita.

"Nifungue na nini?" Joash alijibu. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mimi ndiye nimefungiwa!"

"Nani amekufungia?"

"Bwana mwenyewe. Jana, mkiwa kanisani. Amekuja na watu wa benki na watu wa reli, wamebeba mashine zote. Zote! Hata ile ya kunoa. Halafu akanipa mkono, akasema, kwaheri Joash." Joash aliangalia mkono wake kama umeungua. "Miaka yote hajawahi kunipa mkono. Nikajua hapa kuna kifo. Kabla nijue ni cha nani, akafunga geti, akaenda na ufunguo."

Watu walichungulia. Kiwanda kilikuwa kimeng'olewa meno. Pale mashine zilikuwa, kulikuwa na alama za mafuta tu na mashimo ya bolti. Upepo uliingia upande huu ukatokea ule, na haukukuta wa kumsalimia.

Wepukhulu alisonga mpaka mbele, akashika geti, akalitingisha. Lililia vibaya. "Mashine zimeenda kutengenezwa," alisema. "Zikienda, si zinarudi? Bwana angeniambia. Mimi nimemwekea milango tangu ukoloni."

"Amekwambia nini?" mtu mmoja aliuliza.

"Hajaniambia kitu."

"Basi ndiyo hiyo amekwambia."

Nataka mwelewe vile hao watu walishtuka, kwa sababu mkisikia walichofanya mtacheka. Hawakuenda nyumbani. Saa ya chai ilifika, hawakunywa chai. Jua lilipanda, likawachoma, likaanza kushuka. Walisimama pale getini, wanaume wazima na ovaroli safi. Wake zao walikuja kuwaangalia na watoto mgongoni, wakarudi. Mpaka Nasike akamwendea bwana yake, akamvuta mkono wa nguo.

"Baba Nelima, mnangoja nini?"

Wepukhulu alifikiri sana. "Honi ya kutoka," alisema.

Na kweli ndiyo walikuwa wanangoja. Tangu waandikwe kazi hakuna hata mmoja aliwahi kutoka kabla honi kulia. Walikuwa hawajui mtu hutoka vipi. Jioni ndipo Wanyoike alileta msumeno wa chuma, wakakata nyororo. Hawakuikata ili waingie. Ni Joash aliyekuwa anataka kwenda kula. Alipotoka nje, wengine waliona kama kuna mtu ametoka kazini, basi nao wakaanza kutawanyika pole pole, kama watu wanatoka matangani.

Siku zilipita, ndipo bwana wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi, akaja, mtu mpole wa tai, akapanda juu ya sanduku na kuwaambia mambo mawili. La kwanza: Bwana Chuma ameshavuka bahari, pesa hakuna, lakini uwanja wa kiwanda pamoja na kile kibanda kikubwa cha mabati vimeachwa, na hivyo ndivyo vitakuwa kiinua mgongo cha wafanyakazi wote kwa pamoja. Watu walianza kunung'unika kwa furaha, kama kitu kama hicho kinawezekana. La pili: zile nyumba wanakaa si za kiwanda kumbe, zilikuwa zimekodishwa, na mwenyewe anazitaka mwezi ukiisha.

Nasike alikuwa amesimama nyuma na mtoto. Alimtafuta bwana yake kwa macho. "Tutalala wapi?" Hakupiga kelele. Aliuliza vile mtu anauliza chumvi iko wapi. Wepukhulu alifungua mdomo, akaufunga. Hata mdomo wake haukulia "tu".

Mkutano ulifanywa ndani ya kibanda, watu wameketi kwa sakafu penye walikuwa wanasimama.

Wepukhulu aliongea wa kwanza. Alisema mahali ni petu sasa, mikono tunayo, tukae pamoja, tuombe mkopo, tutafute mashine. Hata kama ni mbili. Lori litatoka. Aliongea vizuri mpaka machozi yakamlenga.

Wanyoike akasimama, akakohoa. Yeye ndiye alikuwa na ujuzi wa mambo haya. "Wenzangu, mimi nimeingia kwa kampuni za mashamba. Kitu cha watu wengi, dawa yake ni moja tu. Kukatwa."

"Hii si shamba la mahindi!" Wepukhulu aliruka. "Ukiwa na ng'ombe wa maziwa, umkate kila mtu apate kipande, kesho nani atakunywa chai?"

"Chai hatutakunywa," Wanyoike alisema. "Lakini leo si tutakula nyama?"

Wacha kicheko! Na kicheko kikishaanza kwa mkutano, hoja imekwisha. Mikono ilipanda. Kiwanda kikatwe.

Basi wakakivutia kamba. Kamba ya katani ilipita juu ya sakafu ya simiti, ikapita juu ya madoa ya mafuta, ikapanda benchi, ikashuka, ikakata shimo la mafundi katikati. Mahali pa kigingi waliweka bolti kubwa. Namba zilitiwa kwa kofia ya Joash, ile ya askari, na kila mtu akachota macho yamefungwa, vile tu huwa wanafanya kwa mashamba.

Wanyoike alipata mbele, barabarani, na nusu ya geti. Mwingine alipata ukuta wa upande wa reli, akaukumbatia kama ndugu. Joash alipata choo cha wafanyakazi, chote, na alimshukuru Mungu, kwa maana kilikuwa na paa na mlango na hakihitaji kujengwa. Wepukhulu alichota katikati kabisa. Ilikuwa karibu na pale alikuwa anasimama siku zote, na juu ya ploti yake, imeegemezwa kama mikate, kulikuwa na milango mipya ya malori iliyoachwa na watu wa benki. Benki hainunui milango bila malori.

"Kilicho kwa ploti yako ni chako," Wanyoike alitangaza. "Hiyo ndiyo sheria."

Kesho yake Wepukhulu aliamka kwa mazoea, honi hakuna, akaenda. Alipofika alidhani amepotea. Watu walikuwa juu. Kila mtu amepanda juu ya ploti yake na spana, anafungua mabati yake. Maanake bati liko juu ya ploti yako, si ni lako? Waliyatupa chini, kelele kama radi ya kiangazi. Walikuwa watu ambao kwa miaka walifundishwa kukaza bolti, na hawakuwa wavivu. Kabla jua lisimame utosini, kiwanda kilikuwa mifupa. Mbingu iliingia ndani. Kunguru mmoja alikuja akakaa juu ya boriti iliyokuwa inashika honi, akaangalia chini, na hata yeye aliondoka.

Wepukhulu aliketi juu ya milango yake. Juu ya kichwa chake peke yake ndiko kulibaki mabati, yamening'inia kwa boriti, kofia ya mtu asiye na shingo. Hakuweza kuyafungua. Alishika spana mpaka ikapata joto la mkono, akairudisha mfukoni.

Kila siku alirudi kuketi hapo, akiruka uzio mmoja baada ya mwingine, mpaka mwezi ukaisha na Nasike akatokea kwa barabara, godoro kichwani, Nelima nyuma na sufuria. Alifika kwa ploti ya Wanyoike akakuta uzio wa miti ya miwati, umepigwa kutoka ukuta mpaka ukuta. Alizunguka upande wa reli, akakuta uzio mwingine. Upande wa choo, Joash alikuwa amepanda miba. Kwa shamba, watu huacha njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Hapa ndani ya kiwanda hakuna aliyekumbuka njia, kwa sababu wakati kamba inavutwa hapakuwa na ng'ombe. Fundi wa milango alikuwa amepata ploti isiyo na pa kuingilia.

"Baba Mburu, tunapita wapi?" Nasike alimuuliza Wanyoike.

Wanyoike alikuwa anachimba mashimo ya nguzo. Hakuinua kichwa. "Njia pia ni udongo, Mama Nelima. Muulize bwana yako. Alisema udongo hauna maana. Basi apite hewani."

Wepukhulu alisikia, kule katikati. Ile mbegu ilikuwa imeota. Alisimama, akaketi tena.

Nasike alitua godoro juu ya nyasi. Hakulia, hakutukana. Aliangalia. Nyuma ya uzio mke wa Wanyoike, Nyakio, Mama Mburu, alikuwa tayari ameanza duka: kuta za mbao, sukari, chumvi, mafuta ya taa. Na pa kuingilia, ameshona gunia.

"Mama Mburu, hongera ya duka."

"Asante, mama."

"Lakini mlango wako ni gunia."

"Wacha tu. Jana mbuzi aliingia akakula majani ya chai na karatasi yake. Leo nimelala na panga." Nyakio alimwangalia Wanyoike kwa jicho. "Kuna mtu alisema mlango utapatikana. Bado unapatikana."

"Bwana yangu amekalia milango kama kuku anaatamia," Nasike alisema.

Wanawake wawili waliangaliana, na hapo kazi ikawa imekwisha. Nyakio aliweka kibaba cha sukari chini, akaenda kwa uzio, akang'oa miti miwili kwa mkono wake.

"Wewe!" Wanyoike alipiga kelele. "Hiyo ni ploti yangu!"

"Ulichota ploti," Nyakio alisema. "Duka ni langu. Na duka linataka mlango. Pita, Mama Nelima."

Shida iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa imeketi. Wepukhulu alikataa.

"Hii milango ni ya malori," alisema. "Nikiigawa, siku mashine zitarudi nitaweka nini?"

Nasike alichuchumaa mbele yake, vile mtu huchuchumaa mbele ya mtoto aliyeficha kitu. Nelima alisimama na sufuria. Juu, yale mabati yalilia kwa upepo.

"Baba Nelima," alisema pole pole. "Honi haitalia."

Watu wote walikuwa wamemwambia. Bwana wa leba alimwambia kwa tai yake, nyororo ilimwambia, kunguru alimwambia. Lakini alikuwa hajasikia mpaka hapo. Uso ulimbadilika kama mtu amemwagiwa maji ya mto Sosiani asubuhi ya Julai. Halafu aliinuka, akachagua mlango kati ya ile mingine, akaupangusa vumbi kwa mkono wa ovaroli, akaubeba kichwani mpaka kwa Nyakio.

Wanyoike mwenyewe ndiye alimshikia mbao za fremu. Wepukhulu alipima, akatoboa, akakaza bawaba, akaweka raba kwa ukingo. Akaufunga.

"Tu!"

Watu waliacha nyundo zao. Wengine walivua kofia.

Siku iliyofuata walikuja, mmoja mmoja, maanake wote walikuwa na kuta na paa na hakuna mwenye mlango isipokuwa Joash na sasa Nyakio. Kila aliyepata mlango alimpa Wepukhulu kitu: huyu nguzo, yule misumari, wengine waliacha upana wa toroli kati ya ploti zao. Ndivyo njia ilipatikana, na ipo mpaka leo, imepinda kama utumbo. Nyakio aliuza kupitia dirisha la lori. Ukija na pesa, anateremsha kioo kwa mkono, kri kri kri, anakuuliza unataka nini. Ukija kukopa, anakusikiliza kidogo, anakupa pole, na kioo kinapanda.

Nyumba ya Wepukhulu ilisimama mwisho, ya udongo na fito, chini ya yale mabati yake. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, wa upande wa dereva. Aliutia jioni, watoto wanaangalia, Nasike tayari amewasha moto ndani. Akafunga.

"Kwaa."

Ukuta wa udongo hauna pembe ya kushika raba. Alilegeza bawaba, akakaza, akafunga. Kwaa. Akafungua tena. Kwa maisha yake yote mlango wa namna hiyo haukuwahi kutoka mkononi mwake. Aligeuka kuchukua mwingine kwa lile rundo, na kwa lile rundo hapakuwa na kitu, sakafu tu, na mashimo ya bolti. Alisimama akiyaangalia, mkono mmoja bado umeshika kitasa.

"Baba Nelima," Nasike aliita kutoka ndani. "Uko ndani ama uko nje? Chagua moja. Baridi inaingia."

Wepukhulu aliingia, akauvuta mlango nyuma yake kwa mikono yote miwili, na hakutega sikio.